Bunia: Siri za ofisi zinalala ndani ya simu za wafanyakazi

Ingia katika ofisi nyingi za mji wa Bunia, ziwe za serikali, za afya au za mashirika ya misaada, uombe ripoti ya jana. Hautafunguliwa kompyuta ya ofisi. Mtu atatoa simu yake mfukoni, atafungua WhatsApp na kukutumia hapo hapo. Barua yenye muhuri hupigwa picha na kuzunguka katika makundi kabla haijafika mezani kwa aliyeandikiwa. Orodha za kazi hukaa kwenye Gmail ya mtu binafsi. Hakuna mkuu aliyeidhinisha njia hizo kwa maandishi, lakini kazi ya kila siku inapita humo.

Mafundi wa kompyuta wanalalamika, na wana haki. Fundi atalindaje kitu ambacho hajui kiko wapi? Mfanyakazi akiibiwa simu, akihamishwa au akiacha kazi kwa hasira, faili zinaondoka naye. Wengine wameweka GB WhatsApp, nakala isiyotengenezwa na wenye WhatsApp, na hawajui nani mwingine anaweza kusoma ujumbe wao.

Lakini tusiharakishe kumtupia mfanyakazi lawama zote. Umeme ukikatika, kompyuta ya ofisi inazimika, simu inaendelea. Anwani rasmi ya barua pepe mara nyingine haipo, au neno lake la siri linajulikana na mtu mmoja tu, naye yuko safarini Kinshasa. Mega za intaneti mfanyakazi anajinunulia mwenyewe. Mkuu anayetaka ripoti kabla ya saa sita, bila kumpa mtu chombo cha kuituma, amekwisha kumwonyesha njia ya WhatsApp hata kama hakuitaja.

Nchi nzima imeliona jambo hili kwa Starlink. Mwezi wa tatu 2024, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, ARPTC, ilionya kwamba huduma hiyo haina ruhusa nchini. Mwezi wa tano 2025, mamlaka hiyo hiyo ikaipa leseni. Katazo lilitolewa, lakini haja ya watu ya kupata intaneti ilibaki pale pale.

Pengine msomaji atauliza: katika mkoa unaozika watu kwa sababu ya vita, simu za ofisini ni shida gani? Hapa kwetu ndipo shida ilipo kubwa zaidi. Ofisi za Ituri hazitunzi hesabu za duka tu. Zinatunza majina ya wakimbizi wa ndani, vijiji walikotoka, kambi wanakolala, na majina ya wanawake waliobakwa na kutibiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, wilayani Djugu. Katika mkoa wa namna hiyo, orodha inayosema nani analala wapi haifai kutembea ovyo. Jina na kijiji vinatosha kumtambulisha mtu ni wa jamii gani, na sote tunajua hilo limegharimu nini.

Hata wakubwa wa dunia wameteleza. Mwezi wa tatu 2025, viongozi wa juu wa Marekani walizungumzia mashambulizi ya Yemen katika kundi la Signal, huku mwandishi wa habari akiwa ameingizwa humo kwa bahati mbaya. Na mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wamefikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotengana na ndugu zao kwa sababu ya vita. Hizo zilikuwa kwenye mitambo rasmi yenye walinzi. Itakuwaje kwa orodha iliyo kwenye simu isiyo hata na namba ya siri?

Sheria tunayo. Kodi ya Digitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari binafsi za raia. Kinachokosekana ni hatua ndogo ndani ya kila ofisi. Kwanza, mkuu awaulize wafanyakazi wanatumia nini, bila kutisha mtu kwa adhabu, kwa sababu anayeogopa ataficha. Pili, ofisi ilipe mega na itoe anwani rasmi inayofanya kazi hata kwenye simu. Tatu, iandikwe karatasi moja ibandikwe ukutani: majina ya wakimbizi, ya wagonjwa na ya mashahidi hayapiti kwenye makundi. Nne, anayeacha kazi aondolewe katika makundi siku hiyo hiyo.

Na fundi wa kompyuta aitwe kwenye kikao cha bajeti, asikumbukwe tu siku mashine ya kuchapisha inapokwama. Bei ya mega itaonekana nzito kwa ofisi nyingi. Lakini mama aliyekimbia Djugu alitoa jina lake kwa sababu aliambiwa ni la kupata msaada. Ofisi iliyolichukua ndiyo inayopaswa kulilinda.