Meli Zimelala Chini ya Bahari Yetu, Mbona Wanaozicheki ni Watalii?

Kila Disemba mambo ni yale yale. Mbogi inachanga doo, tiketi za SGR zinaisha, na baada ya siku mbili Instagram yote ni Nyali, Bamburi na Diani. Picha ya miguu kwa mchanga, picha ya madafu, picha ya ngamia. Halafu watu wanarudi Kanairo wakisema wamemaliza Coast.

Wacha tubonge ukweli. Wengi wetu huwa tunaishia maji ya magoti. Na mbele kidogo ya hapo unapopigia picha, kuna meli nzima iko chini ya bahari. Inaitwa MV Dania. Ilikuwa meli ya kubeba mifugo, urefu wake mita 80 hivi, yaani karibu kiwanja cha mpira kutoka goli moja hadi lingine. Haikuzama kwa ajali. Mwaka wa 2002 ilizamishwa makusudi nje ya Bamburi ndio samaki wapate makao na watu wapate mahali pa kupiga mbizi. Sai imesimama wima kwa mchanga, kwenye kina cha mita 30 hivi, na matumbawe yameshika chuma chake.

Sasa jiulize: ni msee gani wa mtaa wako ashaiona? Wanaoshuka huko wengi ni wageni waliotoka Ulaya, wakavuka bara zima kuja kuona kitu kiko hapa kwetu. Watu wengi wataisoma hii kama stori ya raha ya watalii. Lakini ukiiangalia vizuri utaona ni stori ya kazi, ya historia yetu, na pia ya maisha ya watu.

Kwanza, hii kitu hufanywa aje?

Kupiga mbizi kwa mtungi si kuruka tu kwa maji na kuomba Mungu. Ni kama leseni ya gari. Unasoma darasani, unafanya mazoezi kwa swimming pool, halafu unapelekwa baharini na mwalimu. Kabla upewe cheti lazima uonyeshe unaweza kuogelea, kawaida mita 200, na kuelea dakika 10 bila kushika kitu.

Cheti cha kwanza hukuruhusu kushuka hadi mita 18. Ukitaka kufika chini kabisa ya Dania, mita 30, inabidi uongeze kozi ya pili. Na mwisho wa mbizi za kujiburudisha ni mita 40. Zaidi ya hapo si mchezo wa weekend tena, hao ni watu wa mafunzo na vifaa vingine kabisa.

Hizo namba si za kutisha watu. Kila mita 10 unashuka, presha ya maji inaongezeka. Kwa mita 30 presha ni mara nne ya hapa juu, na hewa ya mtungi inaisha mbio mara nne. Juu ya hiyo, mwili unameza naitrojeni. Ukiwa huko chini unaweza kuskia kichwa nyepesi kama umepiga chupa mbili, na ukipanda haraka ile naitrojeni inatoka kama povu la soda iliyotikiswa. Hiyo inaweza kukulemaza, ama ikuue. Ndio maana kwa mita 30 unakaa kama dakika 20 tu, unapanda polepole, unasimama mita 5 kwa dakika tatu, kisha ndio unatoka. Na ukimaliza hupandi ndege siku hiyo.

Meli nayo iko na ngori zake. Kuna vyuma vikali, nyaya za kukunasa, na vumbi la ndani ambalo ukilipiga teke mara moja huoni hata mkono wako. Mtu hana mafunzo ya kuingia ndani ya meli, anaizunguka kwa nje tu. Na huko nje bado kuna mengi ya kuona: tewa wakubwa wamejificha kivulini, mizia wakipita kama genge, taa wamelala kwa mchanga.

Meli ya Ngomeni na jina la Vasco da Gama

Kama unadhani meli zilizozama ni mambo ya samaki tu, panda juu kidogo hadi Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo kuna mabaki ya meli ya Wareno ya miaka ya 1500. Haiko mbali na ufuo, na kina chake ni mita 6 hivi pekee. Ndani yake kulipatikana vipande vya shaba na pembe za ndovu.

Mwisho wa 2024 hiyo meli iliwaka kwa habari za dunia nzima. Watafiti walisema inaweza kuwa São Jorge, meli iliyozama 1524 kwenye safari ya mwisho ya Vasco da Gama kuelekea India. Bado haijathibitishwa, na wao wenyewe wanasema hivyo. Lakini cheki nani alikuwa kwa hiyo kazi: Caesar Bita, Mkenya, mtaalamu wa akiolojia ya chini ya maji wa National Museums of Kenya. Huyo amefanya kupiga mbizi kuwa kazi ya maana, na anaandika historia yetu akiwa chini ya maji yetu.

Na si mara ya kwanza. Mombasa kwenyewe, chini ya Fort Jesus, kuna Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 wakati ngome ilikuwa imezingirwa na Waomani. Ilichimbwa chini ya maji kuanzia 1977, na vitu vilivyotolewa viko kwa museum hapo hapo ndani ya ngome.

Shida ni hii: nchi iko na pwani ndefu na meli za miaka 500, lakini wenye wanaweza kushuka kuzisoma ni wachache sana. Tukikosa watu wetu, ama tutangojea watafiti wa nje waje na ratiba zao, ama vitu vitabebwa moja moja hadi tubaki na mchanga. Mita 6 ni karibu. Mtu akiwa na miwani na pumzi nzuri anaifikia. Anayeweza kulinda meli kama hiyo ni mvuvi wa pale Ngomeni na mtoto wake, kama wanajua thamani yake na kama kuna kitu inawaletea mezani.

Somo la Likoni

Hii sehemu ndio ngumu. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa ferry ya MV Harambee pale Likoni, likiwa na mama na binti yake mdogo. Kenya nzima iliangalia video. Halafu tukangoja. Siku moja, siku tatu, wiki. Navy walikuwa majini, wapiga mbizi wa kibinafsi wakaingia, wengine wakaja kutoka Afrika Kusini. Gari na miili vilitolewa Oktoba 11, siku ya 13.

Tuwe fair hapa. Gari lilikuwa kwenye kina cha karibu mita 58, maji yana mkondo mkali na giza, na meli kubwa zinapita hapo kuingia bandarini. Mtu wa cheti cha likizo hangeweza hiyo kazi, na angejaribu tungemzika pia. Wale walioshuka walifanya kazi ya wanaume na nusu.

Lakini mtu wa mita 58 hatoki hewani. Alianza na mita 18, akaenda 30, akashika meli kama Dania mara hamsini hadi mwili ukazoea, ndio akaendelea mbele. Nchi ikiwa na vijana elfu kwa ngazi ya chini, itapata makumi kwa ngazi ya juu. Ikiwa ngazi ya chini imejaa watalii wanaorudi kwao Jumapili, siku ya msiba tutakuwa tunapiga simu ng'ambo.

Mbona vijana hawaingii?

Jibu fupi ni ganji. Bei za kozi nyingi Coast zimeandikwa kwa dola ama euro. Ukizibadilisha kwa shilingi unapata pesa ya mtu kulipa rent miezi kadhaa. Vifaa vinatoka nje, boti inakunywa mafuta, na kampuni za mbizi haziwezi kufundisha bure. Si wao wa kulaumiwa pekee. Biashara inafuata mwenye pesa, na kwa miaka mingi mwenye pesa amekuwa mgeni.

Jibu la pili ni kwamba hakuna aliyetuambia hii ni kazi. Mtoto wa Likoni ama Kisauni aliyekulia kwa maji, mwenye anashuka na pumzi yake tu kutafuta kamba na pweza, tayari ako na nusu ya ujuzi. Anachokosa ni cheti. Bila cheti atabebea wengine mitungi hadi azeeke. Akiwa nacho anaweza kuwa mwongozaji, mwalimu, fundi wa kukagua meli na nguzo za bandari, ama mtu wa uokoaji.

Serikali imeimba blue economy miaka sasa. Kenya Coast Guard ilizinduliwa 2018. Bandari Maritime Academy iko hapo hapo Mombasa. Kaunti za Pwani ziko na bursary kila mwaka. Kwa hivyo swali si kama kuna mahali pa kuanzia. Swali ni mbona bursary inaweza kulipia kozi ya kompyuta lakini haiwezi kulipia kozi ya mbizi kwa vijana ishirini wa BMU kila mwaka. Kampuni za mbizi nazo zinaweza kuwa na bei ya wenyeji, ya kueleweka, miezi ile watalii wamepungua na boti zimekaa tu.

Wengine watasema tukileta watu wengi tutaharibu hizo meli. Hoja iko na maana. Nanga ikitupwa ovyo inavunja matumbawe, na mkono wa mtu mmoja unaweza kubeba kipande cha historia. Lakini dawa yake ni sheria na mafunzo: boti ifungwe kwa boya, usiguse, usibebe kitu, na meli za zamani kama Ngomeni zifikiwe tu na ruhusa ya museum. Kufungia wenyeji nje hakujawahi kulinda kitu. Msee halindi kitu hajawahi kukiona.

Na wewe unayesoma hii ukipanga Disemba, anza na hatua ya bei rahisi: jifunze kuogelea. Kuna swimming pool karibu kila mtaa mkubwa Nairobi, Nakuru na Kisumu, na bila hizo mita 200 hakuna mwalimu atakusainia cheti. Ukifika Coast, omba kuonyeshwa cheti cha mwalimu kabla ulipe, sema ukweli kuhusu afya yako, na ukiambiwa Dania ni ya baadaye, kubali. Meli imekaa hapo tangu 2002. Haiendi mahali.