Garamba si ya wageni peke yao

Hapa Masisi na Walikale, neno « parke » halisikiki vizuri katika masikio ya mchimbaji. Kwake yeye, parke ni mahali anafukuzwa, beche inabaki, muchanga unabaki, anarudi nyumbani mikono mitupu. Parke ya Kahuzi-Biega inafika mpaka ndani ya Walikale, na wengi wetu tuliijua kwa njia hiyo tu. Baba aliyefukuzwa anaelezea watoto, na watoto wanakua wakijua kama parke ni adui.

Leo tunataka kusema juu ya parke kama mahali pa kutembelea. Tunasema juu ya Garamba, kule kaskazini kabisa, katika Haut-Uélé, kwenye mpaka na Sudan Kusini. Sababu iko wazi: vijana wetu walienda kutafuta dhahabu upande wa Durba na Watsa. Bibi zao na wazazi wao wanaenda kuwaona. Garamba iko jirani na pale, lakini mtu anamaliza miaka mbili Durba na anarudi bila kujua kama kuko twiga katika Congo.

Twiga wako, na katika inchi yetu yote wako Garamba peke yake. Hawafiki mia mbili. Parke hiyo ilianzishwa mwaka 1938, na tangu 1980 iko kwenye liste ya UNESCO ya urithi wa dunia. Katika miaka ya 1970 tembo walipita 20,000. Leo hawafiki hata 2,000, juu ya pembe zao. Vifaru weupe wa kaskazini walimalizika kabisa kwa bunduki za wawindaji. Mwezi wa sita 2023, vifaru weupe 16 wa kusini waliletwa kutoka Afrika Kusini, kwa msaada wa Barrick, kampuni inayoendesha mgodi wa Kibali pale Durba. Tufikiri vizuri hapo: franga ya dhahabu ilisaidia kurudisha vifaru, lakini mtoto wa mchimbaji hajawahi kuwaona.

Anayetaka kwenda, asiondoke kama mtu anayekimbilia karieri mupya. Safari hii inapangwa miezi mingi mbele.

Jambo la kwanza ni majira. Kwetu jua linakauka mwezi wa sita mpaka wa nane, na ndiyo likizo kubwa ya masomo. Lakini Garamba iko upande mwengine wa ikweta. Kule, mwezi wa saba na wa nane ni mvua, barabara ni matope, na nyasi zinapita kichwa cha mtu: tembo anaweza kuwa hatua chache na usimuone. Wakati wa jua kule ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Kwa familia yenye wanafunzi, dirisha ni likizo ya Noeli.

Jambo la pili ni njia. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, wakati vita vilipoingia mujini. Kwa mtu wa Walikale, njia ya ndani ni Lubutu mpaka Kisangani, kisha Nia-Nia, Isiro na Dungu, mpaka Nagero, kwenye makao makubwa ya parke. Ni mamia ya kilometa za udongo. Mtu wa Masisi anaweza kuzunguka kwa Uganda: Bunagana, Kampala, Arua, kisha anaingia tena Congo kwa Aru na kupanda mpaka Faradje. Ni mbali, lakini lami inafika mpaka Arua. Kila kituo uwe na mtu wa kupigia simu, na umpigie asubuhi ile ya kuondoka. Habari ya usalama ya wiki iliyopita imekwisha kuoza. Na wakikuambia ungojee, ngojea. Nagero yenyewe ilishambuliwa na watu wa LRA mwezi wa kwanza 2009. Walinzi na jamaa zao wanajua bei ya kulinda pale.

Jambo la tatu ni karatasi na mizigo. Karte ya uchaguzi ya kila mtu mkubwa, karatasi za watoto, na kwa anayepita Uganda, karatasi za mpaka. Karte ya mchimbaji haifungui mlango wa parke. Acha beche na karai kwa ndugu yako Durba, juu mlinzi akivikuta ndani ya mzigo hatakuita mgeni. Usibebe nyama ya pori hata kipande cha kula njiani.

Tena, usifike Nagero na taxi-moto bila kuandikia parke. Uliza mbele: gari la kutembea ndani ni bei gani, kulala ni bei gani, na kama kuko bei ya Wakongomani. Kisha likelemba ifanye kazi yake. Franga ya safari isitoke kwenye ya masomo wala ya mbegu.

Tunajua wengi watasoma hesabu hii na kusema: hiyo ni safari ya watajiri. Wana haki. Kwa hiyo neno letu la mwisho si kwa wachimbaji. ICCN na African Parks, wanaoongoza Garamba pamoja tangu 2005, na kampuni inayochimba Kibali, waweke kila wakati wa jua siku za kupokea familia za wachimbaji na wanafunzi wa Durba, Watsa na Faradje, kwa bei ambayo mama anayeuza fufu anaweza kulipa. Mabasi ya kampuni yanajua barabara. Makooperative yanaweza kuandika majina na kuchangia.

Shimo linamalizika, hilo kila mtu wa Rubaya na wa Bisie analijua. Siku dhahabu ya Durba itapunguka, wale waliokuwa wanaichimba watatazama pori lililo jirani. Kama hawajaingia humo hata siku moja kama wageni, wataingia na beche ao na bunduki, na vifaru 16 hawatadumu. Gari moja la watoto kila mwaka ni bei ndogo kuliko vita hivyo.