Hatia na Aibu Si Kitu Kimoja

Kiongozi anapoulizwa juu ya uovu uliotendeka chini ya mamlaka yake, jibu jepesi huwa ni hili: "Mimi sina hatia." Huenda akawa anasema kweli. Lakini wananchi hawakuuliza hilo peke yake.

Hatia ni ya mtendaji. Humkaa hata kama tendo lilifanyika usiku wa manane pasipo shahidi, na kazi ya kuithibitisha ni ya mahakama, si ya barazani. Aibu huletwa na macho ya watu, na huweza kumpata hata asiyetenda. Tuseme katika kijiji cha Mbesa, mkoani Ruvuma, karani wa mizani amempunja mkulima korosho zake. Hatia ni ya karani. Lakini mwenyekiti wa chama cha ushirika aliyemkabidhi mizani hiyo hawezi kupita mbele ya wakulima kana kwamba hayamhusu.

Ndugu zetu wa Visiwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika miaka ya 1970, wakati wa msako wa watuhumiwa wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga, baadhi ya mahabusu waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa yeye aliyewatesa. Hata hivyo alijiuzulu, kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Hakungoja kutiwa hatiani ndipo aone aibu. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, uamuzi ule ulikuwa bado unatajwa kwa heshima.

Hatusemi kwamba kujiuzulu kwa mkubwa kunafuta kosa la mdogo. Aliyempiga mahabusu lazima ajibu mahakamani, hata kama waziri wake amekwisha kuondoka. Wala hatusemi kila anayenong'onwa ahukumiwe. Tunalolikemea ni woga wa aibu unaozaa maficho: jalada kufungiwa kabatini, mkosaji kuhamishiwa wilaya nyingine, na mlalamikaji kuambiwa arudi kesho. Mficha uchi hazai. Kwa njia hiyo aibu ya ofisi husitirika kwa muda, lakini aliyedhulumiwa hubaki na dhuluma yake.

Walimu wetu wa chuoni walitufunza neno la tatu, nalo ni haya. Aibu humjia mtu baada ya tendo. Haya humzuia kabla. Anayeogopa aibu tu hutazama kwanza kama yupo anayemwona. Mwenye haya hujizuia hata akiwa peke yake na mhuri wa Serikali mezani.

Cheo ni dhamana. Viongozi wa namna hiyo ndio wanaostahili kukabidhiwa.