Mnaoicheka WRX ya 2008, Nisikilizeni

Jamani, kila mkutano wa chama ukiisha stori ni ile ile. Tunatoka nje, tunasimama pale kwenye maegesho, baridi ya Minnesota inakata masikio, na vijana wanaanza kulinganisha magari. Nani ana turbo, nani ana hospawa ngapi, nani kashusha gari mpaka linakaribia kulamba lami. Na kila mara kuna mmoja anayechekwa: yule mwenye Subaru Impreza WRX ya 2008. "Hicho kitanda," wanamwambia. "Hiyo boti." Mimi nimechoka kunyamaza.

Kwanza nikiri kwamba wanaocheka hawakuokota maneno hayo jalalani. WRX ilianza kuuzwa Marekani kwa modeli ya 2002, na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunaijua Impreza zamani. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa ndani yake, Richard Burns naye akashinda ya mwaka 2000. Saluni zile za 2002 hadi 2007 zilikuwa na mtindo wa shokapu na springi kusimama pamoja kama nguzo moja, mbele na nyuma. Mwaka 2006 zikapata mikono ya chini ya alumini kwa mbele, na injini ikatoka lita 2.0 kwenda 2.5. Ukipita kwenye ufa wa lami uti wa mgongo unapata taarifa, lakini kwenye kona gari linasimama imara.

Halafu ikaja modeli ya 2008. Umbo jipya, na nyuma mfumo mwingine kabisa: kila gurudumu linashikwa na mikono, ya juu na ya chini, na ile nguzo ndefu haipo tena. Kiufundi hiyo ilikuwa hatua mbele. Tatizo, kama ni tatizo, ni kwamba kiwanda kiliweka springi na shokapu laini. Waandishi wa magari wakapiga kelele: linalala kwenye kona, linayumba, limekuwa gari la mama mkwe. Subaru hawakusubiri. Modeli ya 2009 ikaja na springi na shokapu ngumu zaidi, tairi zikapanuka kutoka 205 hadi 225, na hospawa zikaruka kutoka 224 hadi 265. Umbo ni lile lile. Ukiyaegesha mawili pamoja, wengi wenu hamtajua lipi ni lipi.

Ndiyo maana 2009 inasifiwa na 2008 inachekwa. Mwaka 2011 wakaongeza tena, mwili ukapanuliwa na tairi zikawa 235. Kwa anayetafuta mwendo hapo hakuna ubishi, mimi mwenyewe nimeendesha ya 2009 na nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Lakini hebu tujiulize, wale waliolalamika mwaka 2008 walikuwa nani? Walikuwa watu wanaopewa gari jipya, wanalipeleka kwenye barabara za milimani, wanaandika, wanarudisha ufunguo. Sisi ni nani? Sisi tunatoka kubeba boksi saa kumi na moja alfajiri tukiwa na darasa saa mbili. Gari linabeba watu watano na sufuria la pilau, tunakwenda msibani Chicago, maili 400 na ushee kwenda tu. Na barabara zenyewe! Maji yanaingia kwenye nyufa, yanaganda, yanapasua lami, na ikifika mwezi wa tatu mashimo ni kama umerudi mtaani kwenu wakati wa masika. Kwenye shimo la namna hiyo springi laini inameza. Ngumu inakutemea gharama: rimu imepinda, tairi imevimba ubavuni, bushi zimekwisha. Na bima ya mwanafunzi mnaijua bei yake.

Kuna mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, aliona aibu ya kuchekwa. Akauza 2008 yake, akaongeza akiba yote ya kiangazi, akachukua ya 2009. Gari safi. Ila aliyemuuzia alikuwa amelifunga tairi za kiangazi, aina ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Tairi za namna hiyo joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake unakakamaa, haushiki. Hakuna aliyemwambia, na sisi tuliokuwa tunapiga makofi pale maegesho hatukumwambia pia. Desemba, theluji ya kwanza, kona ya kawaida kabisa, gari likaenda moja kwa moja mtaroni. Yeye alitoka mzima, ashukuriwe Mungu. Gari halikutoka zima, na muhula uliofuata hakusajili masomo yote.

Sisemi 2009 ni gari baya. Nasema tuliuliza hospawa tu, hatukuuliza miguu. Hata mimi si mtakatifu: niliwahi kununua rimu za STI ya 2005 nikidhani zitaingia kwenye WRX yangu ya 2004. Nundu tano kwa nundu tano, nikaona kwisha. Kumbe za STI ya 2005 zimekaa kwenye duara la milimita 114.3, na langu ni 100. Zilikaa chini ya kitanda changu mwaka mzima.

Kwa hiyo ukienda kuangalia gari, fungua mlango wa dereva usome karatasi ya saizi ya tairi, halafu tazama alama ya 10 kwenye namba ya chasi: 8 ni 2008, 9 ni 2009. Tangazo linaweza kusema lolote. Lala chini uangalie springi. Zikiwa zimekatwa, nyanyuka, kung'uta suruali uende zako. Na kama unaona 2008 inalala mno, springi na shokapu za kiwandani za 2009 zinafunga humo humo, hakuna haja ya kuuza gari.

Jambo jingine dogo, maana najua mtauliza: wazo la kulipeleka Nairobi ukimaliza shule lisahau. Usukani uko kushoto, na Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8.

Mimi langu la 2004 limeliwa na chumvi ya barabarani, fundi kasema msimu mmoja tu umebaki. Nikuombe wewe mwenye ile 2008, usiiuze kwa mtu baki kwa sababu ya kelele za hawa. Nitafute baada ya mkutano ujao. Rimu za kukuongezea ninazo.