Kwa nini Kanumba hakutaka kubaki mwigizaji tu

DODOMA: Kijana wa Nkuhungu akitaka kuigiza leo hana haja ya kupanda basi kwenda Dar. Simu yenye kamera nzuri, washkaji watatu na bando, kesho yupo YouTube. Anaandika, anaigiza na kuongoza mwenyewe.

Steven Kanumba ilimchukua miaka kufika hapo. Mzaliwa huyo wa Shinyanga aliingia Kaole Sanaa Group mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati tamthilia za kundi hilo zikitikisa ITV. Jina lilikua haraka. Pesa ni habari nyingine.

Hesabu ya Bongo Movie ilikuwa hivi: mwigizaji analipwa mara moja. Siku za kurekodi zikiisha, na yeye kaisha. CD inaweza kuuzwa Kariakoo, ikafika soko la Majengo hapa Dodoma, ikachezwa kwenye kila kibanda umiza, mfukoni mwake isiingie hata mia.

Ndiyo maana mastaa wa kizazi kile walihamia nyuma ya kamera karibu kwa mpigo. Vincent Kigosi ‘Ray’ na Blandina Chagula ‘Johari’ walianzisha RJ. Kanumba akaja na Kanumba The Great Film. Single Mtambalike ‘Richie’ naye alishika njia hiyo hiyo, na mwaka 2016 filamu ya Kitendawili ikampa tuzo ya AMVCA mjini Lagos.

Watu waliita tamaa: mtu mmoja aigize, aongoze, atoe na pesa ya kutengeneza! Na ukweli usemwe, baadhi ya filamu zilionyesha uchovu huo, hadithi zinafanana na sauti inakwaruza. Lakini kwa mwigizaji wa wakati ule, kuongoza kulikuwa njia ya kuwa na sauti juu ya kazi yake.

Tatizo ni kwamba hata huko juu kulikuwa na mwingine juu zaidi. Msambazaji alinunua ‘master’ na mara nyingi haki zote kwa malipo ya mkupuo. Ukishasaini, kampuni ni yako, filamu ni ya mwenzako.

Kanumba alifariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28. Umati uliofurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulionyesha alivyopendwa, ila habari za kifo chake zikameza habari za kazi yake. Filamu zake bado zinatazamwa kwenye simu, na watazamaji wengine walikuwa watoto wadogo alipoondoka.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii hata baada ya kifo chake. Lakini kinachouzwa kwa mkataba, sheria hairudishi kirahisi. Ndiyo maana COSOTA inahimiza wasanii wasajili kazi zao.

Nkuhungu ya leo haina msambazaji wa Kariakoo wa kulalamikiwa. Ina chaneli. Washkaji wanne wanarekodi, mmoja ndiye mwenye akaunti, na hakuna karatasi iliyosainiwa. Siku YouTube ikianza kulipa, pesa itaingia kwa jina lililosajiliwa, na hilo ni jina moja tu.