Daktari wa Kesho Apelekwe Kidike

Kila inapopendekezwa wanafunzi wa udaktari wapelekwe kutazama ndege, jibu huwa tayari: hiyo ni starehe ya watalii, mwanafunzi akae na vitabu vyake. Imani hii imeenea mno, na inawadhuru wagonjwa.

Chukua mtoto wa miezi minane anayeletwa zahanati akikohoa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inamtaka mhudumu ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 50, anapumua haraka kupita kiasi na homa ya mapafu inashukiwa. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja hadi miaka mitano, kikomo ni 40. Kisha atazame kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Kazi hii haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji mtu anayeweza kukaza macho mahali pamoja kwa dakika moja, na mtu huyo hapatikani kwa kukariri kurasa.

Anapatikana kwa mazoezi, na huku Ole, Pemba, mazoezi hayo yapo: kutazama ndege. Ninga wa Pemba ni kijani ndani ya majani ya kijani. Asiyesubiri atikisike hamwoni. Chozi hatulii hata kidogo. Bundi mdogo wa Pemba, ambaye wengi wetu tunamjua kwa nuksi tu, ana rangi mbili, wengine wekundu kama kutu na wengine la, lakini ni ndege wa aina moja. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hatashangaa upele wa surua kwenye ngozi nyeusi ukikataa kufanana na picha ya kitabu kilichochapwa Ulaya.

Mwaka 2001 walimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kutazama michoro kwenye jumba la sanaa: waliofunzwa hivyo waliona dalili nyingi zaidi katika picha za wagonjwa. Pemba haina jumba kama lile. Ina msitu wa Ngezi, ina mikarafuu, ina mabonde ya mpunga.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu wafike Kidike, hapo hapo Ole, kwenye hifadhi ya popo. Popo wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani, alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Waliomwokoa ni pamoja na wanakijiji waliojiunga katika vikundi vya kulinda miti anayolala, na leo popo hao ni maelfu. Popo si ndege, najua, na atazamwe kwa mbali bila kuguswa. Lakini wanakijiji wale wana jicho ambalo daktari mwanafunzi angepaswa kulihusudu.

Ratiba imejaa, nakubali. Asubuhi moja haiibomoi.

Walimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nawaombeni: wanafunzi wenu wakija Pemba kwa mafunzo ya vitendo, waleteni Ole alfajiri, simu zikae mfukoni, kila mmoja aandike alichokiona na alichokisikia kabla ya kufungua kitabu cha ndege. Kisha wapelekeni wodi ya watoto siku hiyo hiyo, wahesabu pumzi.