Mkaa wa Kurui na Kitambi cha Mjini

Baiskeli ni chombo cha kuokoa nguvu. Mtu wa kilo 70 anayetembea kilomita moja kwenye njia tambarare hutumia takriban kilokalori 50. Kilomita hiyohiyo akiipita juu ya baiskeli, kwa mwendo wa kawaida, hutumia karibu nusu yake. Sababu iko kwenye chombo chenyewe. Tandiko hubeba uzito wa mwili ambao mwenda kwa miguu huuinua na kuushusha kila hatua, magurudumu huendelea kuzunguka hata miguu ikitulia, na mnyororo hupeleka karibu nguvu yote ya mkanyago kwenye gurudumu la nyuma. Wabeba mkaa wa vijiji vya ndani vya Kisarawe, Kurui ikiwamo, hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wanafunga magunia kwenye karia kwa sababu kichwani yangewashinda. Mjini chombo hichohicho husifiwa kwa kazi iliyo kinyume kabisa: kwamba kinamaliza nguvu za mwili, na kwa kuzimaliza kinayeyusha kitambi.

Imani hiyo haitegemei hesabu. Inategemea macho. Mtetezi wake huuliza kama kuna aliyewahi kumwona mbeba mkaa mwenye kitambi, halafu hukaa kimya kama wakili aliyeshinda kesi. Jibu la swali lake ni kwamba huenda hayupo. Lakini ushahidi huo, ukitazamwa kwa karibu, hausemi anachotaka useme.

Kwanza, kazi ya mbeba mkaa si kuendesha baiskeli tu. Katika ukanda wa Kisarawe na Kibaha, ambako msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini umeliwa na mashoka kwa miongo kadhaa, mtu huyo mara nyingi hushiriki kukata magogo, kuyapanga, kuyafukia kwa udongo na kulilinda tanuri siku kadhaa kabla mkaa haujaguswa na gunia. Ndipo hufunga magunia mawili au matatu juu ya baiskeli ya Phoenix iliyoongezewa vyuma. Kwenye mchanga hashiki pedali. Anashuka na kusukuma. Kwenye mwinuko wa Pugu anasukuma pia, akiwa ameinama hadi kifua kinakaribia usukani. Safari yake ni ya mtu anayevuta mkokoteni wenye magurudumu mawili, na akipanda tandikoni ni kwenye mteremko, yaani pale ambapo mwili haufanyi kazi yoyote isipokuwa kushika breki na kuomba Mungu.

Pili, kuna sahani. Mwanamume wa kilo 60 mwenye kazi nzito ya namna hiyo huhitaji takriban kilokalori 3,400 kwa siku. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Kwa hiyo, ili asipungue hata kidogo, anatakiwa kula karibu kilo nzima ya unga kila siku, au kiasi kinacholingana nacho cha muhogo, maharage na nazi. Anayelala njiani, anayekula mara moja asubuhi na mara moja usiku, na ambaye fedha ya mzigo ina wenyewe nyumbani kabla haijapatikana, hafikii kiwango hicho kwa urahisi. Wembamba wake ni hesabu ya chakula isiyo na baki. Kumgeuza kuwa tangazo la mazoezi ni kuusifia upungufu wake.

Tatu, kazi huchagua watu wake. Mwenye kilo 105 na magoti mabovu haendi kutafuta riziki ya kusukuma mkaa. Akienda, harudi mara ya pili. Wanaobaki barabarani ni wale ambao miili yao iliiweza kazi hiyo tangu mwanzo. Ni kosa la kawaida la kufikiri, lilelile la kudhani kwamba mpira wa kikapu hurefusha watu.

Wapo wanaoleta hoja ya wakati badala ya hoja ya mtu. Wanasema kwamba vijijini watu walikuwa wakipanda baiskeli, bodaboda zikaja, na vitambi vikafuata. Ni kweli kwamba unene umeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwakuta wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi, na idadi hiyo ilikuwa imepanda kutoka tafiti zilizotangulia. Lakini bodaboda haikuja peke yake. Zilikuja pamoja nayo soda ya jokofuni hadi vijiji vya ndani, mafuta ya kula ya kupimwa kwa kikombe, maandazi ya asubuhi na mchana, na kikaango cha chipsi kwenye kila kituo. Anayechagua pikipiki kuwa mshitakiwa na kuliacha karai la mafuta liende huru anatakiwa aeleze kwa nini.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya imani hii umetoka Tanzania yenyewe, ingawa mbali na Kurui. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya karibu na Ziwa Eyasi. Watu hao walinyweshwa maji maalumu yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa kwenye mkojo, njia ambayo hupima nishati yote inayotumiwa na mwili kwa siku nyingi bila kumfunga mtu kwenye mashine. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, mbali na kuchimba mizizi na kupanda mibuyu kufuata asali. Ilitarajiwa kwamba wangekuwa wakitumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Baada ya tofauti ya ukubwa wa miili kuzingatiwa, tofauti haikuonekana.

Maelezo ambayo Pontzer aliyajenga juu ya hayo ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye misuli, hubana matumizi mahali pengine: kwenye uvimbe wa ndani, kwenye homoni, kwenye vijishughuli vidogovidogo vya kujigeuza na kuinuka ambavyo mtu hata havikumbuki. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa fidia hiyo, na wengine hawaikubali katika kila hali.  Hata hivyo, dhana ya kwamba kila mkanyago wa pedali unaongezwa juu ya matumizi ya kawaida kama shilingi zinazowekwa kwenye kopo imetiliwa shaka.

Lakini hata fidia hiyo ikisahauliwa kabisa, hesabu ya mjini haifiki. Saa moja ya kuendesha kwa mwendo wa wastani humtoa mtu wa kilo 70 takriban kilokalori 400. Kati ya hizo, kama 70 angezitumia hata akiwa amekaa barazani, kwa hiyo faida halisi ni 330. Chapati moja ya gramu 100 ina karibu 300. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu 145. Sahani ya chipsi mayai hupita 700 bila kujitahidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili, kwa upande mwingine, imehifadhi takriban kilokalori 7,700, yaani saa 23 za pedali. Anayetoka Mbezi kila Jumamosi kuelekea Kibaha na kuendesha saa moja tu, mwaka mzima bila kukosa hata Jumamosi moja ya mvua za masika, atakuwa amejipatia haki ya kupungua kilo 2 na robo. Haki hiyo huifuta kabla hajaondoka Maili Moja, Kibaha, kama akitulia pale kwa chapati na soda, jambo ambalo miguu iliyochoka hulidai kwa sauti kubwa.

Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi iliyotenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Lengo lilikuwa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na kwa lengo hilo hakuna la kulaumu. Mitaani lakini tangazo lilisikika kama dawa ya kitambi. Jumamosi 12 za saa moja kwa mwaka ni nusu kilo ya mafuta, kwenye karatasi.

Jasho nalo limeongezea imani hii nguvu isiyostahili. Kuna waendeshaji wanaovaa koti zito au kujifunga nailoni tumboni chini ya fulana ili watoke jasho zaidi, kisha hupanda mizani na kukuta wamepungua kilo nzima. Kilo hiyo ni lita moja ya maji, na hurudi na jagi la kwanza. Mafuta hayatoki kwa jasho. Wataalamu wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walionyesha mwaka 2014 kwamba kati ya kilo 10 za mafuta zinazounguzwa mwilini, kilo 8.4 huondoka kama hewa ya ukaa kwa njia ya pumzi, na 1.6 tu hugeuka maji. Kitambi hutokea puani. Nailoni humletea mvaaji joto la hatari, hasa saa sita mchana, basi.

Haki inataka kusemwa kwamba baiskeli imewahi kupunguza watu. Huko Copenhagen, watu wazima wenye uzito uliozidi waligawanywa kwa bahati nasibu, na kundi moja likapewa kazi ya kwenda na kurudi kazini kwa baiskeli siku 5 za wiki kwa miezi 6. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba kundi hilo lilipoteza takriban kilo 4 za mafuta kulinganisha na wale waliobaki kama walivyo. Ni matokeo mazuri, na anayeyapuuza hapingi imani bali ana imani yake nyingine. Lakini masharti yake yasomwe: miezi sita, kila siku ya kazi, chini ya uangalizi, katika mji wenye njia za baiskeli. Mtu wa kilo 100 aliyefuata yote hayo angebaki na kilo 96. Hicho siyo kiasi anachoahidiwa mnunuzi wa baiskeli ya mazoezi.

Madhara ya ahadi hiyo ni makubwa kuliko kupoteza fedha. Mtu huanza kuendesha kwa ari, hupanda mizani baada ya wiki 6, hukuta sindano iko palepale, na baiskeli hugeuka kamba ya kuanikia nguo. Anaiacha kwa sababu imeshindwa kazi isiyo yake, wakati kazi yake ilikuwa inaendelea bila mizani kuiona: shinikizo la damu hushuka, misuli hupokea sukari vizuri zaidi, moyo hupata nguvu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017, uliofuatilia watu zaidi ya 260,000, uliwakuta wanaokwenda kazini kwa baiskeli wakiwa na uwezekano wa kufa katika kipindi cha utafiti uliopungua kwa asilimia 41 kuliko wanaokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo sababu. Hata hivyo, ni takwimu ambayo mizani haiionyeshi.

Uzito hushushwa mezani. Kuacha soda moja ya kila siku kwa mwaka huondoa kilokalori karibu 53,000, mara tatu ya Jumamosi zote za Kibaha, na hakuhitaji tairi. Baiskeli hupata nafasi yake baadaye, uzito ukishapungua. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani huku njaa yake ikizidi, na hapo ndipo wengi hurudi walikotoka. Nchini Marekani kuna daftari la watu waliopungua na kubaki hivyo, lililoanzishwa 1994, na wengi waliomo hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Nusu saa ya kwenda kazini na nusu saa ya kurudi, siku 5, ni kilokalori 1,650 kwa wiki: soda 11, na kidogo.